Kiatu Changu cha Kulia Kilivyobaki Sparkhill

Jumapili, Mei 2007. Saltley, Birmingham.

Mvua ya Birmingham leo imeamka na tabia yake: hainyeshi sawasawa, wala haiondoki. Imekaa tu hewani kama mgeni asiyejua saa ya kuaga. Mimi niko dirishani, mito miwili chini ya makalio, soksi moja mguu wa kushoto. Mguu wa kulia umefungwa bandeji, hauhitaji soksi.

Shajara, najua unajiuliza. Tulia, nitakueleza kila kitu na sitatia chumvi. Au nitatia kidogo, chakula cha hospitali nani anakipenda?

Kwanza nitangaze. Mimi Fiston, mtoto wa Goma, msomi wa darasa la tano na nusu (hiyo nusu iliyobaki mwalimu ndiye aliyekimbia, si mimi), nimerudi jana kutoka Ufaransa. Nimepanda vilima vya Ufaransa na kuviteremka kwa baiskeli ya milima. Nyinyi mnaosoma blogu hii, wote wanne, mlikuwa wapi wiki hii? Kwenye basi la Stratford Road, mmekwama nyuma ya basi jingine. Poleni sana.

Lakini kiatu changu cha kulia hakikurudi nyumbani.

Mambo yenyewe yalianza mtaa wa Sparkhill, hapa hapa mjini, kwenye duka la baiskeli la Mzee Gurdip. Huyu mzee ni Singasinga, kilemba cha buluu, ndevu nyeupe mpaka kifuani. Alizaliwa Kisumu, akaja huku angali kijana. Kiswahili chake hakijali sarufi lakini kinasimama wima. Siku ya kwanza niliingia dukani kwake kutazama tu, nikawa najisemea peke yangu kwamba hizi bei ni za wendawazimu. Sauti ikatoka nyuma ya magurudumu: "Kama wewe naona bei mbaya, tembea. Miguu iko bure." Tangu siku hiyo nikawa mtoto wa pale.

Nyuma ya duka kuna meza ya fundi. Fundi wa zamani amehamia Leicester kwa binti yake, na spana zake zimebaki ukutani zimepangwa kama meno. Ile meza ninaitaka, Shajara. Ninaitaka vibaya. Kazi niliyo nayo ni kutia vitasa vya milango kwenye maboksi, kiwanda kidogo hapa hapa Saltley. Wakinihitaji wananipigia simu, nikiwahitaji hawapokei. Nimefunga vitasa vingi kuliko milango iliyopo duniani. Pale kwa Mzee kuna redio, kuna chai ya tangawizi, na watu wakiingia wanauliza, "Fundi yuko wapi?" Huku kiwandani wanauliza namba yangu.

Tatizo ni kwamba meza hiyo hiyo inatakwa na Otieno.

Otieno ni Mkenya, anasoma uinjinia chuo kikuu, anaishi Selly Oak na wanafunzi wenzake kwenye nyumba ambayo vyombo vyake vinaoshwa wakati wa mitihani tu. Ni kijana mzuri, simkatai. Ila anavaa kaptula ya kubana ya waendesha baiskeli, mapaja yanaonekana kama soseji dirishani kwa mwenye bucha. Tena kwao ni Kisumu. Akikaa na Mzee wanaanza, oh, ile barabara ya kuteremka ziwani, oh, lile duka la mikate. Mimi nakaa pembeni kama mtalii.

Mzee ana sharti lake. "Mimi hapana andika mtu kazi bila kupanda kilima na yeye. Kwa kilima mtu naonyesha roho yake." Kila mwaka mwezi wa tano anapakia baiskeli juu ya gari lake, anavuka na meli mpaka Normandi, anapiga hema kwenye kijiji kimoja cha kale, anazunguka vilima. Mwaka huu akasema atatupeleka sisi wawili. Atakayemfaa ndiye atakayekaa kwenye meza.

Sasa hapo, Shajara, kinywa changu kikafanya kazi yake.

"Kilima, Mzee?" nikamwambia. "Mimi nateremka milima tangu sijaota meno ya pili. Kutoka Kibumba mpaka Goma mjini, magunia ya kabichi juu, volkano inatoa moshi pembeni, na sijawahi kuangusha hata jani."

Kila neno hapo ni kweli, naapa. Ila Mzee hakuuliza nilikuwa nimepanda nini, na mimi sina tabia ya kujibu nisichoulizwa.

Nilikuwa nimepanda chukudu.

Kwa ambao hamjafika kwetu: chukudu ni mbao tupu. Magurudumu mawili ya mbao, usukani wa mbao, ubao mrefu katikati. Haina pedali, haina cheni, haina gia, haina kiti. Unapakia viazi, makaa, kabichi, hata kabati la mtu anayehama. Kwenye mlima unasukuma kwa bega. Kwenye mteremko unakimbia nayo, unaruka, unapiga goti juu ya ubao, mguu mwingine unaning'inia, na dunia inakupisha. Ukitaka kusimama unakanyaga gurudumu la nyuma kwa mguu. Hizo ndizo breki. Ni za kuaminika, zinakufuata mpaka kitandani.

"Na Kifaransa unajua?" Mzee akauliza.

"Mzee, Kifaransa ndicho kilichonilea."

Kifaransa changu ni cha sokoni na cha vizuizi vya barabarani. Najua kusalimia, kushusha bei, na kuapa kwamba mfukoni sina kitu. Kumbe huko Ufaransa hicho kinatosha.

Tukaenda. Pale mpakani askari alisoma kitabu changu cha safari cha wakimbizi ukurasa kwa ukurasa, kama mtu aliyeambiwa mwisho wake ni mtamu. Otieno alipita na pasipoti yake ya Kenya, akawa ananingoja upande wa pili anapiga miayo makusudi.

Nikwambie ukweli kuhusu Normandi: ile si milima. Mtu wa Goma anaicheka. Ni kama mtu alitandika blanketi la kijani akasahau kulinyoosha. Juu, chini, juu, chini, ua wa miti, ng'ombe weupe wenye madoa wanaokutazama kama wakwe, halafu ghafla mnara wa kanisa. Vijiji vyote vinaitwa Mtakatifu Fulani. Nyumba za mawe, maua madirishani, mlango wa kanisa umelika na mikono ya watu waliokufa kabla babu wa babu yangu hajazaliwa. Nilitulia, Shajara. Karibu nifunge mdomo.

Baiskeli yangu alinipa Mzee, nyekundu, matairi mapana yenye meno. Kabla hatujatoka Sparkhill nilimwomba aifungie keria nyuma. Otieno alicheka mpaka akashika ukuta. "Msee, nani anaweka keria kwa baiskeli ya milima?" Nikamwambia baiskeli isiyobeba kitu ni baiskeli inayotembea bure. Mzee akafunga keria. Nikabeba mikate, maji, jiko la gesi na koti la Otieno, ambalo hakuona aibu kulileta.

Kilima cha kwanza kikafika. Otieno akapanga gia, tik tik tik, akainama. Mimi nikashuka.

Kwetu hakuna mtu anayeendesha kupanda. Kupanda ni kusukuma. Nikaweka bega nyuma ya kiti, nikakimbia, nikapiga na mluzi. Otieno kwenye gia yake ndogo miguu ilikuwa inazunguka kama cherehani na baiskeli haisogei. Nikampita. Nikamsalimia nikimpita.

"Hiyo ni kuchizi, buda. Panda baiskeli."

"Nitapanda tukianza safari."

Mzee alifika juu wa mwisho, taratibu, hapumui hata kwa sauti. Akanitazama, akatazama baiskeli. "Hm," akasema.

Ile "hm" sikuipenda.

Halafu kulikuwa na jambo la salamu. Kwetu humpiti mtu mzima kama unapita nguzo ya umeme. Kwa hiyo kila kijiji, kila mzee kwenye benchi, kila mama na kikapu, mimi nasimama. "Bonjour, papa. Bonjour, maman. Na familia? Na watoto? Na baridi hii?" Mwanzoni wanashtuka kidogo, wanatazama nyuma yao kama kuna mtoto wao aliyepotea miaka mingi. Halafu wanaanza kueleza. Mmoja alinieleza habari za goti lake mpaka mikate ikapoa. Mama mmoja akaingia ndani akatutolea keki ya tufaha nzima. Otieno, ambaye alikuwa ananung'unika kwamba kile kikompyuta kwenye usukani wake kinaonyesha mwendo wa konokono, alikula kipande kikubwa kuliko vyote. Nilikiona.

Jioni tukafika juu ya kijiji chetu. Hema zilikuwa chini kabisa bondeni, na barabara inateremka mpaka uwanjani kama ulimi. Hapo uwanjani kuna soko la kale lenye paa la mbao, kuna kanisa, na mbele ya kanisa kuna birika kubwa la mawe lenye kijipaa, walimofulia nguo bibi zao wa zamani. Maji bado yanapita, masafi, ya baridi. Pembeni yake wazee wanne wanarusha mipira ya chuma kila siku, wamevaa kofia zinazofanana.

Mteremko sasa. Huu ulikuwa uwanja wangu wa nyumbani.

Nikawaacha wote. Upepo, Shajara, upepo ule. Nikapiga kelele za Kibumba. Nikaona kona inakuja, nikafanya nilichofanya maisha yangu yote: nikarudisha mguu wa kulia nyuma nikakanyaga tairi.

Tairi ya baiskeli ya milima ina meno. Ilianza kunila kiatu. Nilisikia harufu ya mpira, nikaona moshi, nikasikia Otieno mbali huko nyuma akisema kwa utulivu wa mtu anayetazama sinema, "Huyo anaungua." Kona ya kwanza nikaipata. Ya pili nikaipata nusu. Uwanja ukafunguka, nikapita chini ya paa la soko, nikatokea upande wa pili, nikawaona wazee wanne wameinua mipira yao, na baada ya hapo kulikuwa na maji tu.

Niliibuka. Nilikuwa nimekaa kwenye birika, maji kifuani, wazee wanne wamenizunguka. Ungefanya nini? Mimi nimelelewa.

"Bonjour, papa," nikamwambia wa kwanza. Nikaendelea mpaka wa nne.

Mzee Gurdip akafika, akashuka, akaegesha. Akainua baiskeli yangu, akabonyeza zile breki mbili za usukani, moja, nyingine. Zilikuwa mpya kabisa, hazijaguswa. "Hii hapa, wewe nafikiri iko ya nini?"

"Ya kuegesha, Mzee. Kama ile ya mkono kwenye gari."

Otieno alikaa barabarani. Si kwamba alianguka, alikaa tu, kaptula na yote, akacheka mpaka akatoa machozi. Mzee hakucheka. Hilo ndilo lililoniumiza.

"Fundi hapana jua breki," akasema polepole, "kesho nafunga breki ya baiskeli ya mtoto ya mtu." Akamtazama Otieno jinsi mtu anavyotazama basi lake linapokuja. Nikaelewa. Meza yangu ilikuwa inahamia Selly Oak.

Nilikuwa nimelowa tayari, lakini hapo ndipo niliposikia baridi.

"Mzee, nipe nafasi moja."

Alifikiri. Akaingiza mkono kwenye mkoba, akanirushia funguo ndogo za kufungulia skrubu. "Fungua breki yote. Osha. Funga tena. Kesho wewe naendesha siku nzima, halafu hapa juu mimi nachukua, nateremka na hiyo mpaka chini. Baba yangu Kisumu nafanya hivyo. Fundi nakalia kwanza, mwenye duka nafuata. Kama mwenye duka nafika chini na meno yake, fundi napata kazi."

Nikakaa nje ya hema jua likiwa bado lipo, nikafungua kila kitu. Otieno akaja na biskuti, akasimama juu yangu. "Piga picha kabla hujafungua, msee, ndiyo ujue kurudisha."

"Kwetu fundi anapiga kazi, hapigi picha."

"Sawa, Fundi Birika."

Niliosha. Nilipangusa. Nilifunga. Ilipendeza, haki ya Mungu, ilimeta. Halafu nikahamisha goti na nikaona vipini vinne kwenye majani, vyembamba kama vya kubania nywele.

Nikavitazama. Vikanitazama.

Nikajiambia ni vya akiba. Wazungu ni watu wa kuweka akiba. Nikavitia mfukoni nikaenda kula.

Asubuhi Mzee akauliza, "Iko sawa?" Nikajibu, "Kuliko ilivyotoka kiwandani." Siku nzima tukazunguka, Mtakatifu huyu, Mtakatifu yule, ngome moja iliyobomoka yenye mbuzi juu yake. Na siku nzima, nikuambie wewe tu, sikuzigusa zile breki hata mara moja. Si kwa ujanja. Mguu wangu hauna habari na mitihani. Kila mteremko unarudi wenyewe kwenye tairi, na mimi nageuza uso kuhakikisha Mzee anatazama ng'ombe.

Tukafika juu ya kijiji chetu. Mzee akashuka kwenye ya kwake.

"Lete."

Nikaitoa mizigo yote kwenye keria, polepole, kama mtu anayemvua mgonjwa viatu. "Mzee, hutaiangalia kwanza?"

"Wewe nakalia siku nzima. Mimi naangalia nini?"

Hakubonyeza hata breki. Hakuinama. Mtu aliyekaa na baiskeli maisha yake yote alichukua kazi ya mikono yangu kama ilivyo, akaikalia. Vile vipini mfukoni vikawa vizito kama misumari ya reli.

"Mzee," nikasema.

"Nini?"

Kinywa hiki, Shajara, ambacho hakijafungwa tangu nizaliwe, ambacho kiliwahi kumwuzia askari makaa yake mwenyewe, kilikauka.

"Upepo ni mzuri leo," nikasema.

Akaondoka.

Alianza taratibu, kama kawaida yake. Miguu yangu ilijua kabla yangu. Nikawa nakimbia. Hivi ndivyo chukudu inavyoanzwa: unakimbia, unashika, unaruka. Nikaruka, goti la kushoto likatua juu ya keria, mikono ikamshika Mzee kiunoni, mguu wa kulia ukaning'inia. Baiskeli ikayumba ikanyooka.

"Wewe nafanya nini hapo nyuma?"

"Breki, Mzee."

"Breki iko hapa mbele."

Kona ya kwanza ikaja na akazibana kwa nguvu. Nikaziona raba za breki, ambazo kumbe vile vipini ndivyo vinavyozishikilia, zinaruka, moja, ya pili, ya tatu, ya nne, kama mtoto anayetema mbegu za chungwa.

"Haziko tena, Mzee."

Akasema kitu kirefu kwa Kipunjabi. Akaongeza kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili, na hicho cha Kiswahili sikiandiki hapa, mama yangu ni mmoja wa wasomaji wanne. Mimi nilikuwa kazini. Mguu wa kulia kwenye lami, soli inalia, cheche au kokoto sijui, moto unapanda mpaka kwenye goti. "Lala kushoto, Mzee. Usiwe mgumu. Kuwa gunia." Akawa gunia. Sijawahi kupata gunia linalosikia namna ile. Kona ya pili tukaila kama keki.

Unajua nilichokuwa nawaza? Watu wangefikiri nilikuwa nawaza meza. Sikuiwaza hata kidogo. Nilikuwa naona kile kilemba mbele ya pua yangu, kimefungwa vizuri asubuhi ile mbele ya kioo cha gari, na nikawa nasema moyoni, kisiguse maji. Kingine chochote sawa. Hicho kisiguse maji.

Tukapita chini ya paa la soko. Wazee wanne waliinua mipira yao kabla hatujafika, wameshazoea. Nikashusha na mguu wa kushoto, nikaegemea nyuma kwa uzito wote niliopewa na Mungu na keki ya tufaha. Kiatu cha kulia kikaachia. Gurudumu la mbele likagonga jiwe la birika, tok, likasimama. Mzee akabaki amekaa wima, mikono imeshika breki zisizokuwepo, mkavu, kilemba mahali pake.

Mimi sikusimama. Nilimpitia pembeni.

Maji yale ni ya baridi hata mara ya pili.

Nilipoibuka, wale wazee wanne walikuwa wamejipanga ukingoni. Walivua kofia zao, kwa zamu, kwa heshima zote.

"Bonjour, papa," akasema wa kwanza. Wakaendelea mpaka wa nne.

Mzee Gurdip alikuwa amefungua kiganja mbele yangu. Nikaingiza mkono mfukoni, ndani ya maji, nikamwekea vipini vyote vinne. Akavihesabu kwa kidole gumba.

"Hm," akasema.

Ikawa "hm" mpaka kwenye meli. "Hm" mpaka Portsmouth. Otieno nyuma ya gari alikuwa anatazama simu yake, kwa sababu pale juu ya kilima, badala ya kukimbia, alitoa simu akarekodi kila kitu. Amesema Selly Oak yote itaona. Alikuwa anacheka peke yake, halafu karibu na Oxford akaacha, akaniuliza kwa sauti ya chini kama mguu unauma. Nikamwambia mguu gani. Akanipa biskuti.

Jana mchana tukafika Sparkhill. Mimi nikaanza kuaga nikichechemea, najua habari yangu, vitasa vinaningoja. Mzee akaniita ndani. "Lete kiatu." Nikampa kile cha kulia, ambacho mzee mmoja wa mipira alikiokota barabarani akaniletea kama kimetoka kanisani. Soli ina tundu, unaweza kupitisha chungwa.

Akaenda mpaka kwenye meza. Akachukua nyundo. Akakipigilia ukutani, katikati ya spana, kwa msumari mmoja kwenye kisigino.

"Hiyo cheti yako," akasema. "Jumatatu, saa tatu. Mwezi moja wewe nafunga breki peke yake. Gia hapana gusa. Cheni hapana gusa. Hata kengele hapana gusa. Breki, breki, breki."

"Na Otieno?" nikauliza, maana alikuwa amesimama pale pale.

"Otieno nasoma. Jumamosi nauza hapa mbele, Kiingereza yake iko nzuri. Ile kaptula nabaki nyumbani."

Otieno akasema sawa, mitihani yenyewe iko mlangoni, lakini nilimwona akiitazama ile meza mara moja, na nikatazama pembeni.

Nilikuwa nimeshafika kwenye mlango nikashindwa kunyamaza. Nikamwuliza Mzee kwa nini. Alikuwa ameshaanza kuchemsha chai, hakugeuka.

"Breki mimi naweza fundisha wewe," akasema. "Kuruka, nani nafundisha?"

Basi. Mvua bado iko pale pale. Kesho mimi ni fundi, Shajara. Fundi wa breki peke yake, lakini herufi ni zile zile. Nimeshawaambia ghorofa nzima, na jirani wa chini nimemwambia mara mbili kwa sababu mara ya kwanza hakushangaa vya kutosha. Nimejiahidi kwamba nikifungua kitu nitapiga picha kwanza. Otieno hatajua kwamba nimejiahidi.

Limebaki jambo moja dogo. Viatu vyangu vyote ni jozi ile moja, na ndala. Nikienda na ndala, Mzee atasema chuma kitaniangukia kidoleni. Nikienda na kiatu kimoja, Otieno ana simu. Na kile kingine siwezi kukiomba, kwa sababu mtu haombi kupewa cheti chake akivae.

Niambie wewe, uliyenyamaza hapo tangu nianze kuandika: kesho saa tatu asubuhi, fundi anaingia kazini na mguu gani?